Longyearbyen: upande ndege moja kutoka Oslo, au upitie Tromsø?

Ukitafuta umbali wa kutoka uwanja wa ndege wa Tromsø, kaskazini mwa Norwei, hadi Longyearbyen kwenye visiwa vya Svalbard, jibu unalipata mara moja: takriban kilomita 957 za angani, na ndege inazimaliza kwa muda wa saa 1 na dakika 40. Namba ni sahihi. Ila ukifika kwenye kununua tiketi unakuta njia tatu zimepangwa mbele yako, bei zinapishana, saa zinapishana, na kilomita zile hazikwambii uchukue ipi.

Njia zenyewe ni hizi: kupanda ndege Oslo na kushukia Longyearbyen bila kutua popote; kutoka Oslo kupitia Tromsø siku hiyo hiyo; au kufika Tromsø, ukalala, kisha ukaendelea kesho yake. Meli tumeziacha nje ya ulinganisho huu. Zile za kiangazi ni za kitalii, zinatembea na kusimama, na hata meli inayokwenda kilomita 28 kwa saa bila kupumzika ingehitaji zaidi ya saa 34 kuvuka kutoka Tromsø. Barabara haipo.

Tutazipima njia zote tatu kwa mambo matano: saa halisi kutoka mlango wa uwanja wa kwanza hadi mlango wa hoteli, mahali pa kukaguliwa pasipoti, safari ya mizigo yako, kinachotokea hali ya hewa ikichafuka, na gharama. Kuna mawili ya kumaliza kwanza, kwa kuwa yanawahusu wote.

Kilomita, na ramani inavyotisha watu bure

Oslo (uwanja wa Gardermoen) hadi Longyearbyen kwa mstari mmoja ni kama kilomita 2,015. Oslo hadi Tromsø ni kama 1,115. Ukijumlisha na zile 957 za Tromsø hadi Longyearbyen unapata 2,072. Anayepitia Tromsø, basi, anaongeza kilomita zisizofika 60, sawa na dakika 4 au 5 za angani. Tromsø iko karibu sana na mstari wenyewe, na anayeiita njia hiyo mzunguko hajaipima.

Kinachowachanganya wengi ni ramani bapa za kwenye simu. Zinazivuta nchi za kaskazini, na kadiri unavyopanda ndivyo zinavyovutwa zaidi. Tromsø iko latitudo 69.7, Longyearbyen 78.2, na bahari iliyo katikati yao kwenye ramani ya namna hiyo inaonekana ndefu kama kutoka Dar es Salaam hadi Aswan, kusini mwa Misri: karibu kilomita 3,500. Kumbe kwa kweli imezidi safari ya ndege ya Dar es Salaam hadi Mwanza kwa kilomita mia moja tu.

Muda unaweza kuukokotoa mwenyewe. Gawa kilomita kwa 830, mwendo wa kawaida wa Boeing 737 au Airbus A320 ikishatulia juu, kisha ongeza nusu saa ya kutambaa uwanjani, kupaa na kushuka. Tromsø hadi Longyearbyen inatoka saa 1 na dakika 39. Oslo hadi Tromsø, saa 1 na dakika 51. Oslo hadi Longyearbyen, saa 2 na dakika 56. Ratiba za mashirika haziachani sana na hesabu hiyo. Upepo huongeza au hupunguza dakika kadhaa. Majira ya baridi yana la ziada: kabla ya kupaa, mbawa hunyunyiziwa maji ya moto yenye glaikoli ili kuyeyusha barafu, kazi ya dakika 10 hadi 20. Foleni ya kurukia ikiwa ndefu, dawa ile huisha nguvu na ndege hurudi kunyunyiziwa upya. Ukiona mrengo unaoshwa mara ya pili usihangaike, ndivyo inavyotakiwa.

Pasipoti na viza: soma hapa kabla ya kulipia chochote

Svalbard ni ya Norwei kwa mkataba uliosainiwa Paris mwaka 1920, lakini haimo ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Kuingia Svalbard kwenyewe hakuhitaji viza kwa raia wa nchi yoyote. Wengi wanaisikia sentensi hiyo na kuishia hapo. Ndege za ratiba zinatoka Norwei bara, kwa hiyo Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mkongo ataingia Schengen kwanza, atatoka anapokwenda Svalbard, na ataingia Schengen tena anaporudi. Ni kuingia mara mbili.

Fungua pasipoti, tazama stika ya viza, tafuta mahali palipoandikwa idadi ya kuingia. Ukikuta 01, viza hiyo haikurudishi kutoka Svalbard. Unahitaji 02 au MULT, yaani kuingia mara nyingi. Na kama katikati ya safari utapita London au mji mwingine ulio nje ya Schengen, hata 02 haitoshi. Unapojaza fomu ya maombi, eleza wazi kwamba unakwenda Svalbard na uambatishe ratiba inayoonyesha kwenda na kurudi, ili ofisa aone sababu ya kukupa kuingia mara mbili. Viza pia iwe hai siku kadhaa baada ya tarehe ya kurudi. Ndege ya Longyearbyen ikifutwa kwa dhoruba na viza yako inaisha siku hiyo, utakuwa na tatizo ambalo shirika la ndege haliwezi kukutatulia.

Waswahili wanaoishi Ulaya kwa kibali cha nchi ya Schengen hawahitaji viza, ila kadi ya kibali na pasipoti vyote viwili viwe mkononi. Kadi peke yake haitoshi. Na tangu Oktoba 12, 2025 Ulaya imeanza mfumo mpya wa kusajili wageni wa muda mfupi kwa picha ya uso na alama za vidole. Mara ya kwanza kusajiliwa huchukua muda, basi usipange kuunganisha ndege kwa dakika za kubana.

Njia ya kwanza: Oslo hadi Longyearbyen bila kutua

*Saa.* Angani ni karibu saa 3. Ongeza saa 2 za kuwahi Gardermoen, na dakika 45 za kushuka, kusubiri begi na kupanda basi. Uwanja wa Longyearbyen uko kama kilomita 5 kutoka mjini, na basi la uwanja huzisubiri ndege na kushusha abiria hotelini kwao. Jumla ni chini kidogo ya saa 6. Hakuna njia fupi kuliko hii.

*Pasipoti.* Inakaguliwa Oslo, kwenda na kurudi. Ndege hii huondokea upande wa safari za nje, baada ya dirisha la uhamiaji. Makosa ya mara kwa mara ni ya mtu aliyekuja Oslo kwa ndege ya ndani, akajua Svalbard ni Norwei, akakaa akinywa kahawa upande wa ndani mpaka jina lake linaitwa. Ukifika tu, vuka kwenda upande wa pili, na kahawa utainywa karibu na geti lako.

*Mizigo.* Begi moja, lebo moja, herufi LYR, yaani Longyearbyen. Ni rahisi zaidi kuliko njia nyingine zote.

*Hali ya hewa.* Kiangazi adui ni ukungu wa baharini, majira ya baridi ni upepo na theluji. Tatizo la Longyearbyen ni kwamba jirani hana. Ny-Ålesund, kilomita kama 110 kaskazini-magharibi, ina njia ya kurukia ndege ya changarawe, ya mita 800 hivi, inayofaa ndege ndogo tu, wakati ile ya Longyearbyen ina mita 2,483. Kwa sababu hiyo ndege kubwa hubeba mafuta ya kutosha kurudi bara, na rubani asipoiona njia ya kutua hugeuza kwenda mji wa kaskazini, mara nyingi Tromsø. Aliyelipia safari ya moja kwa moja anaweza kujikuta analala Tromsø ambako hakupanga, na nguo zake za kulalia ziko tumboni mwa ndege. Mswaki, dawa na chaja viwe kwenye begi la mkononi.

*Gharama.* Viti vya moja kwa moja huisha mapema, hasa Machi na Aprili, jua linaporudi na theluji bado ipo. Mashirika mawili, SAS na Norwegian, ndiyo yanayobeba abiria wengi wa Longyearbyen. Linganisha bei baada ya kuongeza begi la kilo 23, kwa sababu tiketi ya bei ya chini huwa haina begi, na huku huji na fulana mbili.

Jambo moja linawapata wasafiri wa njia hii kuliko wengine, nalo ni tarehe. Ndege kadhaa za Longyearbyen hutua au kuondoka usiku wa manane. Tiketi ikisema 02:20 tarehe 14, hiyo ni saa 8 na dakika 20 usiku wa kuamkia tarehe 14, na wewe unatakiwa kuwa uwanjani tarehe 13 usiku. Kuanzia takriban Aprili 20 hadi Agosti 22 jua halizami kabisa Longyearbyen. Saa 8 usiku kunang'aa kama saa 10 jioni, mwili haukwambii kwamba siku imegeuka, na mtu anakwenda uwanjani siku moja baadaye. Andika kwenye karatasi, kwa saa zetu za Kiswahili: siku ya kutoka hotelini na saa ya kutoka. Kwa wanaowapigia simu ndugu nyumbani, Svalbard iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 2 majira ya baridi na saa 1 kiangazi.

*Inamfaa* mwenye siku chache, mwenye mzigo mkubwa, na anayesafiri na mzee au mtu asiyependa kubadilisha ndege.

Njia ya pili: Oslo, Tromsø, Longyearbyen siku moja

*Saa.* Hapa kuna aina mbili, na tovuti za tiketi huzionyesha kama ni kitu kimoja. Kwanza kuna ndege inayotua Tromsø kisha ikaendelea yenyewe, namba ile ile. Angani saa 3 na nusu, chini kama saa 1. Ya pili ni ya kubadilisha ndege, na kusubiri kunaweza kuwa saa 1 au 5. Tazama mstari wa muda wa kusubiri kabla ya kutazama bei. Kwa aina ya kwanza panga karibu saa 7 na nusu hadi hotelini. Kwa ya pili, 8 na kuendelea.

*Pasipoti.* Kipande cha Oslo hadi Tromsø ni safari ya ndani. Mpaka wa Schengen unauvukia Tromsø. Kwa hiyo hata kama ndege ni ile ile na kiti ni kile kile, unashuka, unapita dirisha la uhamiaji, unapanda tena. Shuka na kila kitu ulichoingia nacho. Pasipoti iliyoachwa kwenye mfuko wa kiti cha mbele imesimamisha watu kwenye foleni ile mara nyingi, na mfanyakazi wa chini harudi ndani ya ndege kwa wepesi unaoutarajia.

*Mizigo.* Kwenda, begi lililosajiliwa Oslo kwa tiketi moja kwa kawaida hufika LYR lenyewe. Lakini ukitoka nje ya nchi, tuseme umetua Oslo kutoka Doha, Istanbul au Addis Ababa, na kinachofuata ni ndege ya ndani ya kwenda Tromsø, uwezekano ni mkubwa kwamba utatakiwa kulichukua begi Oslo, kulipitisha forodhani na kulikabidhi upya. Usikisie. Mwambie mhudumu wa kaunta ya kwanza akuonyeshe lebo, usome herufi tatu kubwa: OSL maana yake unalichukua Oslo, LYR maana yake limesajiliwa hadi mwisho wa safari, ila hata hapo uliza kama forodha inakutaka ulichukue Oslo.

Kurudi ndiko kwenye mtego. Svalbard iko nje ya eneo la forodha la Norwei, kwa hiyo Tromsø unakaguliwa pasipoti na kupita forodha kabla ya kuendelea kusini. Uliza kule Longyearbyen kama begi litakusubiri kwenye mkanda wa Tromsø, na kama ndivyo, dakika 50 za kuunganisha ni chache mno. Saa 2 ni salama.

*Hali ya hewa.* Viwanja vitatu badala ya viwili, maana yake nafasi moja zaidi ya kuchelewa. Faida ipo pia: Longyearbyen ikifungwa, unabaki Tromsø mjini, kilomita 957 tu kutoka unakokwenda, na ndege ya kwanza itakayofunguliwa unaweza kuipata kabla ya aliyerudishwa Oslo.

Hapa tunasisitiza bila kuficha: nunua tiketi moja yenye vipande vyote. Wanaonunua mbili tofauti ili kuokoa fedha kidogo huona uchungu wake siku ndege ya kwanza inapochelewa. Shirika la pili halikusubiri wala halikurudishii, na kiti kingine cha kwenda Longyearbyen wiki hiyo huenda hakipo.

*Gharama.* Mara nyingi ni nafuu kuliko ya moja kwa moja, lakini tofauti hubadilika kwa siku. Ikiwa ni ndogo kuliko bei ya chakula uwanjani, haina maana, kwa kuwa chakula cha viwanja vya Norwei ni ghali na saa za kusubiri zinaleta njaa.

*Inamfaa* asiyepata kiti cha moja kwa moja siku yake, msafiri mwepesi mwenye begi la mkononi tu, na anayekaa kaskazini mwa Norwei tayari.

Njia ya tatu: kulala Tromsø

*Saa.* Siku mbili kwa kalenda. Siku ya pili ni nyepesi: uwanja wa Tromsø uko kama kilomita 5 kutoka katikati ya mji, na kutoka hotelini asubuhi hadi hoteli ya Longyearbyen ni karibu saa 5.

*Pasipoti.* Tromsø, kama njia ya pili, ila hukimbizani na saa.

*Mizigo.* Unalichukua begi Tromsø na kulikabidhi upya kesho yake. Kazi ni mara mbili, lakini unajua lilipo. Kwa aliyetoka Afrika Mashariki na mabadiliko mawili ya ndege nyuma yake, hili lina thamani kubwa: begi lililochelewa Oslo linaweza kukufikia Tromsø kabla hujaingia nchi ya nyuzi 15 chini ya sifuri ukiwa na viatu vya raba. Na kama hujapata glavu nzito au soksi za sufu, Tromsø ni mji wenye maduka ya kutosha na unavipata jioni ile ile.

*Hali ya hewa.* Hii ndiyo njia inayovumilia vurugu vizuri kuliko zote. Ndege ya Oslo ikichelewa saa 4, unapoteza chakula cha jioni tu. Tena baadhi ya miji ya Ulaya ina ndege za moja kwa moja hadi Tromsø, hasa msimu wa baridi, kwa hiyo Oslo unaweza kuiruka kabisa.

*Gharama.* Ongeza hoteli, na usiichukulie kirahisi. Kuanzia Novemba hadi Machi watu hufurika Tromsø kutazama taa za kaskazini (mwanga wa rangi unaocheza angani usiku), vyumba hujaa na bei hupanda. Weka nafasi ya chumba siku ile ile unayolipia ndege.

*Inamfaa* familia yenye watoto, mtu aliyekuja mbali, na yeyote mwenye kitu Longyearbyen kisichoweza kusubiri, kama safari ya boti iliyolipiwa.

Uchague kwa hali yako

Una siku 3 au 4 tu, na viza ya 02 au MULT: chukua ya moja kwa moja, ukae Oslo usiku mmoja kabla kama unatoka nje ya Ulaya.

Umekuta tofauti ya bei ni kubwa na una begi moja dogo: pitia Tromsø, ikiwezekana kwa ndege isiyobadilishwa, na kwa kurudi hakikisha una saa 2 za kuunganisha.

Unatoka Nairobi, Dar es Salaam au Entebbe na hujawahi kukaa kwenye baridi kali: lala Tromsø wakati wa kwenda, rudi moja kwa moja hadi Oslo. Kuchanganya njia mbili kunaruhusiwa, na kwa tiketi moja ya kwenda na kurudi wakati mwingine hakuongezi bei.

Una shughuli ya tarehe maalumu Longyearbyen: fika siku moja kabla, kwa njia yoyote. Na safari ya kurudi nyumbani kutoka Oslo isiwe siku ile ile unayoondoka Svalbard.

Viza yako ni ya 01: usinunue bado. Omba nyingine kwanza.

Kwa njia zote tatu, koti zito, kofia na glavu viwe ndani ya ndege pamoja nawe. Longyearbyen hakuna daraja la kupitia hadi jengoni. Mlango unafunguliwa, unashuka ngazi za chuma zenye theluji, unatembea juu ya uwanja hadi kwenye jengo, na begi lako unalikuta ndani, likizunguka kwenye mkanda chini ya dubu mweupe aliyekaushwa.